Séphora na Ndege ya Mizigo

Kila asubuhi ya likizo, Séphora alimpelekea dada yake chakula kwenye uwanja wa ndege wa Mavivi, viazi na maharage ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa. Walinzi walimjua, na wapakiaji walimjua. Alipofika, alisimama kando ya ghala la mizigo akatazama magharibi, juu ya msitu, upande aliko mama yake.

Mama yao alikuwa muuguzi katika kituo cha afya karibu na Manguredjipa. Alikwenda huko kwa kazi ya muda mfupi, lakini barabara ya kurudi Beni kupitia Butembo ikaacha kupitika, na likizo zikapita bila yeye. Séphora alibaki Beni kwa mama mdogo, Virginie. Simu ilishika mara mojamoja. Jambo lililomtisha ni kwamba alikuwa ameanza kusahau kicheko cha mama, maana kwenye simu mama hakucheka. Alipaza sauti tu ili asikike.

Emérence, dada yake, alikuwa rubani mpya. Alirusha ndege ya mizigo pamoja na Komanda Josaphat, rubani mkuu wake, wakipeleka dawa, chumvi na sabuni kwenye kiwanja kifupi cha udongo kule kule aliko mama.

"Yaya, unibebe na miye," Séphora alimwambia dada yake siku moja alipokuwa akila. "Nitakaa juu ya magunia. Sitasema kitu."

"Hapana, mdogo wangu. Ndege yetu ni ya mizigo. Haina ruhusa ya kubeba abiria."

"Nani ataniona?"

Emérence aliacha kula. "Miye nitakuona," alisema. "Unafikiri sitamani kukufikisha kwa mama? Kila nikitua ananiuliza habari zako."

Maneno hayo yalizidisha hamu badala ya kuituliza. Kesho yake, Emérence alipokuwa ofisini, Séphora alimwendea Mathe, mpakiaji mmoja mpole.

"Yaya amesema nipande leo. Komanda anajua," alisema bila kupepesa macho.

Mathe alikuwa na binti wa umri wake. Akamwamini, akamsaidia kupanda. "Umsalimie mama," alimwambia.

Ndani kulinuka sabuni. Séphora alijikunyata nyuma ya makasha ya dawa, akikumbatia magoti yake. Tayari alimwona mama akimkimbilia, kitenge kikimfunguka kiunoni. Kisha mlango ukatiwa kivuli. Emérence alikuwa amekuja kukagua kamba za mizigo.

Walitazamana. Séphora akadhani Emérence atageuka aondoke kana kwamba hakuona. Machozi yalimlenga dada yake.

"Shuka," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Emérence mwenyewe ndiye aliyewaarifu wakubwa wake. Msimamizi wa mizigo akamwita Mathe. "Umeingiza mtu kwenye ndege? Vua koti la kazi, uende nyumbani."

Mathe alimtazama Séphora, akaanza kufungua vifungo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amesikia uongo aliomwambia Mathe. Séphora angeweza kunyamaza.

"Si kosa lake," alisema. "Nilimdanganya. Nilisema yaya ameruhusu."

Msimamizi alimwonya Mathe vikali kwa kutouliza, lakini akamwachia kazi yake. Hata hivyo sheria ilitaka mizigo yote ishushwe, ikaguliwe na kupimwa upya. Kabla ya kumaliza, mawingu yalikuwa yamefunika msitu na mvua ikaanza. Safari ikafutwa. Makasha ya dawa yakarudishwa ghalani.

Jioni simu ya mama ilipita. "Tulingoja ndege mpaka mvua ikatufukuza," alisema. "Kuna mtoto hapa ana malaria kali. Dawa iliyobaki ni ya leo tu."

Séphora alilia, akamweleza yote. "Omba mvua ikatike," mama alisema tu.

Mvua ilikatika. Asubuhi ndege iliruka mapema, na yule mtoto akapona. Lakini Séphora hakupata raha mpaka aliposikia habari hiyo kwa mdomo wa Emérence mwenyewe.

Likizo kubwa ilipofika, mama alipata ruhusa ya kupumzika. Alikuja kwa ndege ndogo ya abiria, akiwa na kiti chake na mkanda wake. Alikuwa amekonda. Alipomwona Séphora akiruka nyuma ya uzio, alicheka, na Séphora akakitambua kicheko kile mara moja.

Walirudi nyumbani wakiwa wameshikana mikono, Emérence akibeba mfuko.

"Mama, nilitamani mno kukuona. Ndiyo maana nilidanganya."

"Kutamani si kosa, mwanangu. Nami nilitamani kukuona kila siku," mama alijibu. "Lakini kile kiwanja chetu ni kifupi. Ndege ikizidi uzito hata kidogo, inaweza isisimame kwa wakati. Yaya wako anafuata sheria ili kila anayengojewa afike mzima. Siku ile, ungefika wewe, au ningewapoteza nyote wawili? Ukweli na sheria vinachelewesha wakati mwingine. Uongo unaweza kukunyima kabisa kile unachokingoja."

Séphora aliubana mkono wa mama, akamsogelea Emérence na kuushika wake pia.

"Yaya, unisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe," Emérence alisema. "Siku ile nilitaka kufunga ule mlango nikuache ndani. Nilitaka sana."