Sahani ya Mama Iliyopimwa

Béata hakuwa na viatu. Hakuwa na taa ya kusomea, wala koti la kuvaa asubuhi upepo wa baridi unaposhuka kutoka milimani. Hakuwa na bibi wa kumsimulia hadithi, kwa sababu bibi alibaki kijijini kwao, Rutshuru, wala hakuwa na kaka wa kumtetea njiani. Lakini kuliko hayo yote, Béata alikosa moyo wa kusema mbele ya mtu mzima. Mwalimu alipomwuliza jambo analolijua vizuri, ulimi wake ulikauka. Jirani alipomsingizia kosa ambalo hakulitenda, aliinamisha kichwa na kunyamaza.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Mtaa wa Murara, hapa Goma, ulikuwa na nyumba za miti na udongo zilizosimama juu ya mawe meusi, yale yaliyotapikwa zamani na mlima wa moto. Baba yake Béata, Ntirenganya, alipakia magunia kwenye meli za ziwani. Mama yake, Mukashyaka, alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana. Donat, mdogo wake, alikuwa bado hajaanza shule.

Kila asubuhi Béata na mama yake walishuka ziwani kuchota maji, kisha Béata alikimbilia shule. Jioni mama alipakua chakula. Baba alipata sahani yake kwanza, peke yake, kama ilivyokuwa desturi. Watoto walifuata. Mama alikaa kando ya mafiga akiangalia tu. Akiulizwa, alijibu kwamba ameonja sana wakati wa kupika na sasa ameshiba. Watoto walipomaliza, alikwangua ukoko uliobaki chunguni, akautafuna polepole, akanywa maji.

Zamani Béata alisadiki maneno hayo. Siku hizi hakusadiki tena. Alikuwa ameona jinsi mama anavyosimama kwenye mteremko wa ziwani, mkono juu ya jiwe, akivuta pumzi kama mzee.

Siku moja watu wa mtaa waliitwa kwenye baraza ya dispensari. Aliyewaita ni Hilaire, muuguzi kutoka Butembo, mtu mwembamba na mpole ambaye kila mtu alimwita Muganga. Aliwaeleza kwamba daktari mmoja wa Bukavu anataka kujua watu wazima wa mkoa huu wanakula nini, hasa akina mama, ili dawa na maziwa ya unga yapelekwe mahali yanapohitajiwa. Daktari ameandika maswali ya kuwauliza watu. Lakini kwanza anataka kujua kama maswali yenyewe yanaweza kuaminiwa.

“Mtu mzima ukimwuliza jana ulikula nini, pengine amesahau,” Hilaire alisema. “Pengine anaona haya. Pengine anakupa jibu la kukufurahisha. Kwa hiyo katika nyumba chache tutapima chakula kwa mizani, halafu tutauliza maswali katika nyumba zile zile. Maneno yakifanana na mizani, maswali ni mazuri, na tutayatumia mkoa mzima.”

Nyumba ya Ntirenganya ilikuwa mojawapo ya zile zilizochaguliwa.

Jioni hiyo baba alirudi kutoka bandarini uso umemwiva. Rafiki yake Onésime, ambaye hakukosa habari hata siku moja, alikuwa amemwambia kwamba mizani ile si ya daktari. Ni ya watu wa ofisi ya serikali. Wanatafuta mwanamume asiyeweza kulisha nyumba yake, wamnyang’anye karatasi ya kukaa mjini, wamrudishe kijijini pamoja na watoto wake.

Béata alikumbuka walivyoondoka Rutshuru, shamba lilipokuwa limegawanywa kati ya wajomba mpaka likabaki kipande kisichotosha hata viazi. Kule hawakuwa na mahali pa kurudi.

Baba aliwakalisha wote. Alisema kwa sauti ya chini kwamba siku ya mizani chakula kitakuwa cha kutosha, kila mtu atakuwa na sahani yake, na mtoto yeyote asifungue mdomo. “Mambo ya chungu chetu ni ya kwetu,” alisema. “Umenisikia, Béata?”

Béata aliitika kwa kichwa. Kunyamaza alikuwa anakujua.

Basi mama alikwenda kwa jirani yake, Mama Henriette, kuomba maharagi, mafuta ya mawese na ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, akaahidi kuvirudisha.

“Mama Béata, kuna arusi kwenu na mimi sikualikwa?” Henriette alimtania huku akimjazia kikapu.

“Ni mgeni tu,” mama alijibu.

Na kweli hakuona kwamba anadanganya. Kwao, mgeni akiingia nyumbani hawezi kuonyeshwa viazi vitamu vitupu, hata kama ndivyo mnavyokula mwezi mzima. Hiyo ingekuwa aibu ya ukoo.

Hilaire alifika asubuhi na mizani yake ndani ya sanduku la mbao. Alipima maharagi kabla ya kupikwa, akapima unga, akapima ndagala. Bugali ulipoiva alipima sahani moja moja. Sahani ya mama ilijaa kama ya baba. Donat aliikodolea macho kana kwamba ameona mwezi umeshuka mkekani.

Kisha Hilaire akafanya jambo ambalo mwanamume yeyote mwenye adabu angelifanya. Haikufaa asimame kumwangalia mwanamke wa watu akitafuna. Alimwita baba, naye akabeba sahani yake, wakatoka wote wawili, wakakaa barazani wakiongea habari za meli na mvua. Alimwomba mama amwite sahani zikiisha, ili apime yaliyobaki.

Mlango ulipofungwa, mama alivuta sahani yake, akaigawa haraka. Nusu kwa Donat, nusu kwa Béata.

“Na wewe, mama?” Béata alinong’ona.

“Kuleni upesi. Chakula kama hiki hakiji kila siku.”

Béata alikula. Ndagala walikuwa watamu, na alikuwa na njaa, na alikula mpaka mwisho. Hilaire aliporudi alikuta sahani zote tupu. Aliandika kwamba mama amemaliza chakula chake chote, akawashukuru, akaenda.

Baada ya siku kadhaa alirudi bila mizani, na karatasi za maswali tu, kuuliza watu wazima walikula nini siku ile ya mizani. Baba alijibu yeye mwenyewe, kwa niaba yake na ya mkewe: maharagi, bugali, ndagala, sahani iliyojaa. Mama alikaa nyuma yake akikubali kwa kichwa. Hilaire alilinganisha karatasi na karatasi, akatabasamu. Alisema ni ajabu jinsi maneno na mizani vinavyokubaliana katika nyumba hii.

Baba alipumua. Béata peke yake ndiye aliyebaki na jiwe kifuani.

Na jiwe hilo lilizidi uzito, kwa sababu cha kuazima hurudishwa. Kila siku mama alitenga kidogo: kikombe cha maharagi leo, mafuta kidogo kesho, vyote vya kumrudishia Henriette. Baba hakupunguziwa, kwa kuwa anabeba magunia. Watoto hawakupunguziwa. Palibaki ukoko, na ukoko nao ulipungua. Mama alianza kuinuka kwa kushika ukuta. Midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu. Béata alikaa darasani akiangalia ubao bila kuona kilichoandikwa. Akisema, baba atanyang’anywa karatasi. Akinyamaza, je?

Jibu lilikuja asubuhi moja kwenye mteremko wa ziwani. Mama alikuwa mbele, na debe la maji kichwani. Alisimama. Alinyoosha mkono kutafuta jiwe la kushika, asilipate. Debe lilianguka likagonga mawe kwa kishindo, maji yakatiririka miguuni kwa Béata, na mama akalala chini kwa ubavu, macho nusu wazi.

Béata alipiga magoti. Alimwita mama yake. Alimtikisa bega. Mkono wa mama ulikuwa wa baridi na ulegevu kama kitambaa kilicholowa. Alitaka kupiga kelele, lakini koo lilikuwa limejifunga, kama lilivyojifunga mbele ya mwalimu, kama lilivyojifunga mbele ya kila mtu. Halafu sauti ikatoka, kubwa, ambayo yeye mwenyewe hakuijua, na wanawake waliokuwa wakifua chini wakapanda mbio.

Walimbeba mpaka dispensari. Hilaire alimlaza kitandani, akavuta ukope wa chini, akaona weupe mahali palipopasa kuwa pekundu. Mama alifumbua macho, akanywa maji yenye sukari, lakini hakuweza kuketi. Mtu alikuwa amekwenda kumwita baba, naye alifika na vumbi la magunia mabegani, akasimama mlangoni.

Hilaire alikunja uso. Alisema mwanamke huyu anaonekana kama mtu asiyekula, lakini haiwezekani. Yeye mwenyewe amempimia chakula chake, na majibu yamethibitisha. Kwa hiyo lazima uwe ugonjwa mwingine, pengine wa damu, pengine wa ini. Atampa dawa kali ya minyoo kwanza, na isipofaa, atampeleka Bukavu kwa meli akapasuliwe na kuangaliwa.

Béata alimtazama mama yake, na lile tumbo lililokuwa na mtoto. Dawa kali. Kupasuliwa. Alimtazama baba yake mlangoni, na baba alikuwa anamtazama yeye. Alishika chuma cha kitanda.

“Muganga,” alisema.

Hilaire aligeuka.

“Mama hakula ile sahani. Tuliila mimi na Donat, wakati ninyi mlikuwa barazani. Na maharagi hayakuwa yetu. Mama anakula ukoko tu.”

Nje mtoto mchanga wa mtu alikuwa analia. Béata alifumba macho akingoja mkono wa baba, au sauti yake. Havikuja. Alipoyafumbua, alimwona baba ameketi chini kwenye kizingiti, kichwa mikononi.

“Anasema kweli,” baba alisema. “Mimi mwenyewe sikujua habari ya sahani. Maharagi niliyajua. Walisema mtatunyang’anya karatasi ya kukaa mjini.”

Hilaire alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Aliwaambia kwamba hawezi kusema kwa niaba ya watu wa ofisi, lakini karatasi zake haziendi kwao, wala hazina jina la mtu. Zinakwenda kwa daktari tu. Kisha akacheka kidogo, bila furaha.

“Na mimi nilikuwa nimekwisha kujisifu,” alisema. “Nilipima chakula, sikupima aliyekila. Niliona haya kumwangalia mama huyu akila, nikafunga mlango mwenyewe. Mutoto, asante. Nilikuwa karibu kumtibu mama yako ugonjwa asiokuwa nao.”

Mama alilazwa pale dispensari. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, maziwa ya unga, na kila mchana maharagi na mboga za lengalenga. Mke wa Hilaire alikaa naye mpaka sahani iishe. Mama Henriette aliposikia habari alikuja amekasirika kweli, akamwuliza ni nani aliyemwambia kwamba anadai maharagi yake kwa haraka namna hiyo, kisha akamwachia mengine. Mama aliporudi nyumbani, baba alifanya jambo lililowashangaza majirani: aliweka sahani yake katikati ya mkeka, akamwita mama aketi, wakala pamoja, na hakuna aliyeinuka kabla mama hajashiba. Mvua zilipoanza, mtoto alizaliwa, msichana mwenye sauti. Walimwita Victoire.

Hilaire alirudi katika nyumba nyingine zilizopimwa. Safari hii alikwenda na mkewe, ambaye aliketi na akina mama jikoni, na hawakutangaza siku ya kuja. Waligundua kwamba karibu katika kila nyumba palikuwa na chakula cha mgeni siku ya mizani, na mama asiyekula mlango ulipofungwa.

Jumapili moja, baada ya misa, alikuja barazani kwa Ntirenganya na barua mkononi. Aliisoma kwa sauti, taratibu, bila kutaja jina la mtu yeyote. Alikuwa amemwandikia daktari kwamba hesabu zote za Murara zifutwe; kwamba maneno na mizani vilikubaliana kwa sababu vyote viwili vilidanganywa na hofu ile ile; kwamba kosa la mlango ni lake yeye; na kwamba kazi ianze upya, akina mama waulizwe na wanawake wenzao, wakiwa wamekwisha kuelezwa karatasi zinakwenda wapi.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Béata.

“Niliogopa watu wasione umaskini wetu,” alisema. “Nikauficha hata kwa yule aliyekuja kutusaidia, na mama yako karibu aulipie kwa maisha yake. Aibu si kula viazi, mwanangu. Siku nyingine ukiona ninanyamazisha jambo linaloweza kumwumiza mtu, uniambie. Hata kama mimi ni baba yako.”

“Nitaogopa, baba,” Béata alisema.

“Ogopa. Halafu useme.”

Hilaire alikunja barua, akaitia ndani ya bahasha, akalowesha gundi ya ukingo wake. Alimpa Béata aibane. Béata aliikandamiza kwa vidole vyote mpaka ikashika. Baba ndiye aliyeichukua mpaka bandarini asubuhi iliyofuata. Alimkabidhi karani, karani akaitumbukiza katika mfuko wa barua na kuufunga kwa kamba, na Ntirenganya akauinua mfuko begani mwake, akaupandisha mwenyewe kwenye meli ya Bukavu.