Namba Ishirini na Nane

Mama Boksi hakuwa na huruma na mteja anayerudisha mzigo. Aliuza viatu vya watoto sebuleni kwake, kwa simu, na juu kabisa ya ukurasa wake aliandika: MZIGO UKIRUDI, NAULI NI YAKO. UKISHATIA SAHIHI, MZIGO NI WAKO. Ukimlalamikia, anakutumia picha ya maneno hayo hayo na kicheko juu.

Jioni ile mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa akipanga maboksi, bintiye wa miaka sita, Kadogo, akiyafanya treni sakafuni, ndipo ukaja ujumbe wa mteja aliyemwita Muuguzi. Huyu alikuwa amenunua viatu vyekundu, namba ishirini na nane, siku nne tu zilizopita. Sasa anavirudisha.

"Nauli ni yako, dada," Mama Boksi akamwandikia upesi.

Jibu likaja kwa sauti. Mnong'ono, kama mtu aliyejifungia chooni.

"Nimeshalipa. Na hela yangu sitaki. Wewe vipokee tu, dada yangu. Vipokee kwa mkono wako."

Mteja asiyebishana! Hapo Mama Boksi alipaswa kushtuka, hasa kwa kuwa Muuguzi alikuwa wa tatu kuvirudisha.

Maana viatu vile hakuwahi kuviagiza. Vilifika mlangoni miezi michache nyuma kama mzigo uliorudi, nauli imelipwa, jina lake juu ya karatasi. Hakukumbuka kuviuza, lakini nani anakataa cha bure? Akatia sahihi. Akaviuza siku ile ile. Vikarudi, soli zimelika. Akazipiga brashi kwa dawa ya meno, akapaka rangi, akaandika "vipya kabisa", vikaondoka kabla ya jioni. Vikarudi tena. Brashi tena. Hakumuuliza mteja hata mmoja kilichompata, na havikuwahi kulala kwake hata siku moja.

Honi ikalia nje. Dereva wa pikipiki, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amelifunga boksi mwisho kabisa wa keria, mbali na mgongo wake.

"Mama, fungua kwanza," alinong'ona. "Ndipo utie sahihi."

"Kwani umeniletea nyoka?"

Akatia sahihi huku akicheka. Dereva akaitazama ile sahihi, akashusha pumzi, akaondoka bila kuaga.

Boksi lilikuwa zito. Lilinuka udongo mbichi. Mama Boksi akaliweka kwenye rafu bila kulifungua, akatangaza viatu upya. Akangoja. Safari hii hakuna mteja aliyeviulizia. Giza likaanza kuingia.

Ko... ko... ko...

"Kadogo, acha kuchezea viatu vya watu!"

"Niko hapa, mama."

Kadogo alikuwa nyuma yake.

Mama Boksi akageuka polepole. Boksi lilikuwa wazi. Tupu. Sakafuni kulikuwa na nyayo ndogo za matope, zimetoka kwenye rafu, zimezunguka meza, zimeishia mbele ya Kadogo.

Akampigia Muuguzi.

"Kila magharibi vinatembea," Muuguzi alisema akilia. "Na mwanangu anavifuata, peku. Jana nimemdaka barabara kuu, dada, katikati ya malori! Nikivitupa vinarudi. Mpaka apatikane mtu wa kuvipokea. Leo mwanangu amelala. Nisamehe... Tafuta na wewe wa kumtupia."

Simu ikakatika. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Mama Boksi alijua nani aliyeunoa ule mwiba kwa brashi na dawa ya meno.

Ukaingia ujumbe. Mteja mpya.

"Hivyo vyekundu ni vipya? Binti yangu anaanza shule Jumatatu."

Kadogo alikuwa ameshafika mlangoni, peku, nyuma ya vile viatu vyekundu, mkono mmoja umeinuka kidogo, kana kwamba umeshikwa.

"Mama," alisema, macho yake nje kwenye mvua, "anasema amechoka kurudishwa."

Neno "ndiyo" lina herufi tano tu. Mama Boksi alizigusa zote. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na angemwokoa mwanawe kwa herufi tano. Kisha akamuona huyo binti mwingine, na sare yake mpya, katikati ya malori.

Akalifuta. Akaandika: "Siviuzi."

Akapiga magoti mlangoni, akanong'ona huku machozi yakimtoka.

"Mwache huyu. Aliyetia sahihi ni mimi. Wewe ni wangu. Sikurudishi."

Mkono wa Kadogo ukashuka.

Na ndani ya kiganja cha kushoto cha Mama Boksi vikapenya vidole vidogo. Vya baridi.

Siku hizi ukurasa wake unasema, MZIGO UKIRUDI, NAULI NI YANGU, na wateja wanamsifu sana. Kadogo analala vizuri. Majirani nao wamezoea kumuona mama yake kila magharibi, mvua au jua, akienda hadi mwisho wa mtaa na kurudi, kwa hatua fupi fupi, mkono wa kushoto ameuachia pembeni. Wanasema ni mazoezi.

Soli zikilika hazipigi tena brashi. Hununua jozi nyingine, nyekundu.

Mwezi uliopita ilibidi anunue namba ishirini na tisa.