Namba Sita za Urbano

Siku ile steshenari ya Emilian ilifurika watu mpaka ngazini. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya vyuo, na vijana wa Singida, sijui mwezi mzima walikuwa wapi, waliamua kuja siku hiyohiyo, wote kwa pamoja na wote wana haraka. Upepo wa stendi uliingiza vumbi, feni ikapeperusha makaratasi, na katikati ya vurugu hiyo alikaa Asnath, binti wa Sepuka, sketi ya kitenge cha njano, nywele kasuka twende kilioni, vidole vinakimbia kwenye kibodi bila yeye kuvitazama.

"Dada Asnath, eti paswedi yangu ilikuwa nini?"

"Angalia daftarini, ukurasa wa kumi na mbili."

Ndiyo, daftari. Lilifungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, na kila mteja aliyefunguliwa barua pepe pale aliandikwa humo: jina, anwani, neno la siri. Asnath hakuona ubaya wowote. Watu wanatoka vijijini, wanafunguliwa imeli leo, wanarudi mwakani wamesahau kila kitu. Kwa huruma yake akawapa wote neno moja tu, alizeti2020, maana nani wa Singida atasahau alizeti?

"Samahani, dada," sauti nzito ikasema. "Nimekuja kuchapisha kurasa mbili tu. Lakini nimesimama hapa dakika tano, na tayari naweza kusoma barua za watu mia mbili wa mkoa huu."

Asnath akainua macho. Kijana mrefu, shati la bluu limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, viatu vimejaa vumbi jekundu la safari. Alikuwa anatabasamu, na lile tabasamu, jamani, lilikuwa na mwanya.

"Wewe ni polisi?"

"Fundi kompyuta. Naitwa Urbano, niko Nduguti, ofisi za wilaya."

"Basi fundi, panga foleni."

"Nimepanga. Ndiyo maana nimemaliza daftari lote."

Foleni nzima ikacheka. Asnath alitaka kukasirika, akashindwa, akajikuta anang'ata kalamu.

"Na paswedi yako wewe ni hiyohiyo alizeti?" Urbano akauliza.

"Haikuhusu!"

"Safi kabisa. Leo ndiyo nimesikia jibu la maana humu ndani."

Akachukua kurasa zake mbili akaondoka. Jioni simu ya duka ikalia, ile namba iliyoandikwa kwenye kibao cha nje.

"Steshenari, karibu."

"Naulizia tu. Lile daftari bado lina kamba?"

Asnath akacheka mpaka Emilian, mwenye duka, akageuka kumtazama.

Basi, mambo yakaanza hivyo. Kila Jumamosi Urbano alipanda basi la asubuhi kutoka Nduguti, na mchana wakakaa juu ya mawe kando ya Ziwa Singidani. Ndege heroe walitembea majini taratibu, rangi yao ya waridi inatikisika kwenye maji, na upepo haukuchoka kuupeperusha mtandio wa Asnath kwenye uso wa Urbano. Hakuutoa. Alizungumza ndani ya mtandio huohuo, na Asnath alikuwa anasikia nusu ya maneno, na nusu anayaota.

Usifikiri yalikuwa maneno ya mapenzi tu. Fundi ni fundi. Alimweleza kwamba neno la siri liwe sentensi ndefu unayoijua mwenyewe, kwamba flashi ya mtu usiichomeke kwenye mashine yako kabla ya kuikagua, na kwamba zile namba sita zinazoletwa kwenye simu kuthibitisha akaunti hazisomewi mtu.

"Hata nikikupigia mimi nikasema ni Urbano wako, usinisomee."

"Urbano wangu? Nani kasema ni wangu?"

"Basi nisamehe, dada wa steshenari."

Wiki iliyofuata daftari lilichomwa moto nyuma ya duka, na Asnath akawapigia wateja mmoja mmoja wabadilishe. Emilian alinung'unika siku mbili, akazoea.

Siku za kazi Urbano aliandika barua. Simu ni ya kusalimiana, alisema, barua ni ya kukaa. Aliziandika kwenye barua pepe, ndefu, bila haraka: upepo unavyopiga mluzi kwenye madirisha mapya ya ofisi, mfugaji aliyeleta laptopu ya mwanawe imefungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga, alizeti zote za Nduguti zikitazama upande mmoja asubuhi na yeye akitazama upande wa Singida. Zilifika arobaini na tatu. Asnath alikaa hatua mbili kutoka kwenye printa na hakuchapisha hata moja. Za nini kuchapisha? Zipo tu, alijiambia, hazina pa kwenda.

Jumamosi moja, pale maweni, Asnath akamwinamia sikioni na kumnong'oneza neno lake la siri, lote, mpaka mwisho.

Urbano akaziba sikio, amechelewa. "Mpenzi, kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu sina la kukuficha. Haya, na yako."

"Hapana."

"Hapana? Rafiki yangu Happiness anajua paswedi ya mchumba wake, mpaka ya simu!"

"Na anaifanyia nini? Anashinda anachungulia. Ibadilishe yako leo hii, Asnath. Nakupenda, lakini hii siyo zawadi ya kupeana."

Asnath akanuna. Akatafuta njia nyingine. "Uliniambia mtu anaandika namba ya simu ya mtu wa kumrudisha, siku akifungiwa nje ya akaunti yake. Wewe umeandika ya nani?"

"Ya mtu ninayemwamini."

"Mtu gani?"

Urbano akacheka, akawatazama heroe. Lile cheko likamchoma Asnath kweli. Alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba kuna mwanamke Nduguti, tena mwenye namba ya simu. Na kwa kiburi hakubadilisha kitu.

Jumanne yake duka likajaa tena. Mkono mmoja uko kwenye fotokopi, mwingine kwenye kipanya, ukaingia ujumbe: akaunti yako itafungwa leo, bofya hapa kuthibitisha. Akabofya. Akaandika neno lake la siri, mteja akamwita, akasahau. Saa saba mchana akaunti ikagoma kufunguka. Saa tisa mchungaji wa kanisa la kwao Sepuka akampigia simu.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, binti yangu. Kumbe umelazwa Dodoma? Nimeona barua yako unaomba msaada."

Barua zake zote arobaini na tatu zilikuwa mikononi mwa mtu asiyemjua. Na kichwani kwake likabaki jina moja tu. Akapiga.

"Urbano, umenifanya nini?"

"Mpenzi, kuna nini?"

"Usiniite mpenzi! Akaunti yangu imeibiwa. Paswedi nilimwambia mtu mmoja duniani, wewe! Ulitaka kunichungulia, au umempa huyo mwanamke wako?"

Kwa mbali ulisikika upepo wa Nduguti.

"Ndivyo unavyonijua, Asnath?"

"Jibu!"

"Kama ndivyo unavyoniona, sawa." Akakata.

Siku ya tatu Emilian aliketi kwenye ile mashine, akaita. "Nani alifungua ukurasa huu? Ni wa uongo. Tazama anwani ya juu, herufi si zenyewe." Asnath akatazama, na joto likampanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Ni yeye. Ni mkono wake mwenyewe, ule uliokuwa kwenye kipanya.

Utasema, si ampigie? Mpigie wewe mtu uliyemwita mwizi! Aliandika ujumbe akaufuta, akaandika tena akaufuta. Akafungua barua pepe nyingine, na ile sehemu ya namba ya mtu wa kumrudisha akaiacha wazi. Miezi miwili ikapita. Alizeti zikachanua, na alipopanda basi kwenda kwao Sepuka, mashamba ya njano pande zote mbili yalimliza mpaka abiria wa jirani akampa leso. Alimpenda Urbano, na alijua amempoteza kwa upumbavu wake.

Alhamisi moja, saa kumi jioni, simu yake ikalia mlio mfupi. Namba sita. "Namba yako ya uthibitisho. Usimpe mtu yeyote." Akataka kuifuta, wezi tena hao. Kisha akaona jina la akaunti, herufi nyingi zimefichwa kwa vinyota, lakini mbili za mwanzo ziko wazi: *ur*.

Akakaa chini, juu ya boksi la karatasi. Mtu anayeaminiwa. Mtu wa kumrudisha. Kumbe alikuwa yeye, siku zote, hata siku alipomwita mwizi, na hata baada ya siku ile Urbano hakuifuta.

Simu ikaita, namba ngeni.

"Asnath, ni mimi Urbano. Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya mafuta ya alizeti. Nimepata nyingine lakini imeli inakataa. Imekuletea namba sita, naomba unisomee."

Asnath akakaza sauti. "Siwezi."

"Najua umenikasirikia. Lakini humo ndani kuna vitu ambavyo nikivipoteza—"

"Mwalimu wangu alinikataza. Alisema nisimsomee mtu kwenye simu, hata akisema ni Urbano wangu."

Akasikia pumzi, ile ya mtu anayezuia kicheko.

"Urbano wako?"

"Ndivyo alivyosema mwalimu."

"Alikuwa mkali huyo mwalimu?"

"Alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyemkosea. Kama kweli ni wewe, njoo mwenyewe. Na kitambulisho."

Jumamosi alivaa ile sketi ya njano. Basi la Nduguti lilipoingia, alikuwa amekosea kuandika risiti tatu. Urbano akaingia, shati jeupe, amekonda, akapita foleni yote na kuweka kitambulisho mezani bila kusema neno.

Asnath akakishika. "Huyu kwenye picha amenuna."

"Alikuwa hajaingia steshenari hii."

"Urbano, nilibofya mwenyewe. Ukurasa wa uongo. Nilijua siku ya tatu, nikaona aibu. Nisamehe."

"Siku ya tatu!" Macho yake yalikuwa mekundu. "Miezi miwili, Asnath. Nimeshinda naitazama simu kama utapiga, mpaka nimeitumbukiza kwenye mafuta!"

Foleni ikapasuka kwa kicheko, na Urbano mwenyewe akacheka, mwanya ule nje, huku anajifuta macho. Asnath akamvutia kiti. Urbano akaomba namba upya; simu ya Asnath ikalia, akamsomea namba sita taratibu, moja moja, karibu na sikio. Urbano alipoanza kuandika neno jipya la siri, yeye akageukia ukutani.

"Geuka uone. Sasa nakuruhusu."

"Maliza kwanza. Sitaki kuijua."

Akaunti ikafunguka. Kwenye barua zilizotumwa zilikuwepo zote arobaini na tatu, upepo, laptopu kwenye shuka, alizeti. Asnath akalia waziwazi, mbele ya wateja, bila kujali. Kwenye rasimu ilikuwepo nyingine, haijatumwa, tarehe ya Jumanne ile waliyogombana, asubuhi.

"Hii nilikuwa nimeiandika kabla hujapiga," Urbano akasema polepole. "Ni yako."

Ilikuwa fupi kuliko zote. *Asnath, nataka kumtuma mshenga Sepuka kwa wazee wako. Sitamtuma mpaka wewe mwenyewe useme.*

Akaisoma mara mbili. Bibi mmoja kwenye foleni akakohoa. "Binti, na fotokopi yetu?"

"Shikamoo, bibi. Dakika moja tu."

Akahamia kwenye akaunti yake mpya, akaenda kwenye ile sehemu aliyoiacha wazi miezi miwili, namba ya mtu wa kumrudisha, akaandika namba ya Urbano, zote kumi, kwa kichwa. Simu mpya ya Urbano, yenye laini yake ileile aliyokwisha kuirudisha, ikalia mfukoni. Akaitoa, akasoma, akamtazama.

"Nikusomee?"

"Nisomee. Halafu mtume huyo mshenga."

Akamsomea mpaka namba ya mwisho. Kisha akauliza, anajikaza asitabasamu, "Na paswedi?"

"Haikuhusu," alisema Asnath, akachukua karatasi ya bibi, akaiweka kwenye fotokopi.