Nani Aliyeruka Katika Doria ya Matandu

Maiti ya Haruna Shamte ilikuwa imelala chali chini ya ukuta wa jengo bovu la Wajerumani, Kilwa Kivinje. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Inspekta Debora Likwata aliinua shuka, akaitazama shingo, akafunika tena.

"Shingo imevunjika," alisema. "Simu yake iko wapi?"

"Hana, afande," alijibu Koplo Klementi. "Mifuko yote mitupu."

Inspekta alitazama juu. Ukingo wa ghorofa, uliolowa mvua ya wiki nzima, ulikuwa umemeguka. Jiwe lililotoka hapo lilikuwa kando ya maiti, upande mmoja mweupe pe, bado haujashika ukungu. Akahesabu hatua kumi na tano kutoka ukutani. Hapo palikuwa na alama za makubazi ya tairi, mbili tu, zimedidimia mchangani. Mtu alisimama pale muda mrefu bila kusogea.

"Hakuwa peke yake," alisema.

Mwuza chapati aliyeikuta maiti hakukubali. "Kajiua huyu, afande. Aibu ilimshinda. Huu ndio ukuta alioruka kwenye filamu. Halafu ikaandikwa mtandaoni kwamba hakuruka yeye."

"Waliandika aliruka nani?"

Yule mtu aliinamisha uso. "Gunia la pumba."

Mama yake Haruna alikuwa amekaa juu ya mkeka nyumbani kwake, kanga imemfunika hadi machoni.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa. Nawasikia huko nje. Wanasema mwanangu amejiua. Wapo waliokataa hata kuja kumswalia."

"Mimi sijasema hivyo."

"Basi jua ukweli, uwaambie. Kifo nimekipokea, ni amri ya Mungu. Hilo neno la kujiua siwezi kulipokea."

"Jana alikuwaje?"

"Alikula vizuri. Akaniambia, mama, kesho wataniamini."

Ndani ya gari la polisi, Klementi alifungua simu yake. Doria ya Matandu ilikuwa filamu ya mapigano iliyopigwa Kivinje miaka miwili iliyopita, na ensaiklopedia ya mtandaoni ilikuwa na makala yake. Inspekta alisoma polepole. Tukio la kuruka ghorofani, makala ilisema, halikufanywa na Haruna Shamte. Kilichorushwa ni gunia la pumba lililovishwa shati lake. Yeye mwenyewe alikuwa amejificha chooni.

"Aliyeandika alikuwa anachekesha," alisema Klementi. "Lakini waliosoma Dar hawakucheka. Kuna kampuni ilitaka kumwita Haruna kwenye filamu mpya. Walipoisoma hii, wakamwacha."

"Tunaweza kumjua aliyeandika?"

"Kila badiliko linabaki kwenye historia ya makala. Huyu anajiita Nangurukuru Saba. Aliandika mwezi wa tatu. Wiki mbili baadaye akafuta. Wahariri wakarudisha. Akafuta tena, wakarudisha tena. Mara sita, afande. Mwishowe wakamfungia."

"Alifuta maneno yake mwenyewe? Sasa kwa nini warudishe?"

"Gazeti moja la mtandaoni lilikuwa limeshayanakili. Wahariri wakalishika hilo gazeti kuwa ndio chanzo. Yeye hakuwa na chanzo cha kuonyesha kwamba alitunga."

Inspekta alimrudishia simu. "Adui hafuti mara sita."

Daktari Jerome aliuchunguza mwili kabla ya adhuhuri. Hakuona dalili ya kupigana, wala michubuko ya kushikwa. Alitoa ruhusa ya kuzika.

Jeneza lilitolewa nyumbani baada ya swala ya alasiri. Inspekta Debora alisimama upande wa wanawake. Alizaliwa Mtanda, mjini Lindi, na misiba ya huku aliijua. Mtani wa marehemu ndiye anayeziba mlango jeneza lisitoke. Anadai apewe kitu. Anamkejeli maiti mpaka wafiwa wanacheka huku wanalia. Siku hiyo jeneza lilipita mlangoni bila kuzuiwa na mtu.

"Jamani, maiti huyu hana mtani?" aliuliza shangazi mmoja.

"Anaye. Si Yasini, fundi simu? Yule pale."

"We Yasini! Umemeza ulimi leo? Mwenzio anaondoka bure bure!"

Kijana aliyechuchumaa karibu na uzio hakuinua kichwa. Miguuni alikuwa na makubazi ya tairi.

Inspekta alimwacha amzike mwenzake. Yasini alipotoka makaburini, Klementi alimchukua.

"Babu zenu walitaniana," Inspekta alianza, kituoni. "Baba zenu vilevile. Leo mtani wako anazikwa, wewe umekaa kama mgeni. Kwa nini?"

"Sikuwa na maneno, afande."

"Maneno unayo. Nangurukuru Saba ni nani?"

Kijana alitazama makubazi yake.

"Yasini."

"Ni mimi."

"Na simu ya Haruna?"

Aliitoa kiunoni, chini ya shati, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Ulimsukuma?"

"Wallahi sikumsukuma! Nilikuwa chini, nampiga picha." Alijifuta uso. "Jana nilimwambia ukweli, kwamba mimi ndiye niliyeandika. Yeye akasema, basi wewe ndiye utakayenipiga. Naruka tena, tuweke video mtandaoni, wote waone. Tukaenda baada ya swala ya alfajiri, kabla watu hawajajaa. Alipokanyaga ukingo, jiwe likaondoka naye."

"Ukuta ule umelowa mvua wiki nzima. Hukuona?"

"Niliona."

"Ukasema nini?"

"Sikusema. Nilitaka ile habari iishe."

Klementi aliacha kuandika.

"Halafu ukakimbia na simu."

"Nilijua wakiiona video watauliza kwa nini aliruka. Watafika kwangu."

"Ukamwacha mama yake aambiwe mwanawe amejiua."

Yasini alilia. Hakuzuiwa.

"Sasa niambie," Inspekta alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Uliandika kwa nini? Wivu?"

"Labda na wivu ulikuwemo. Tangu ile filamu, nikimtania ananitabasamia tu, kama mtu mkubwa anavyomtabasamia mtoto. Hanirudishii. Mtani asiyerudishiwa anabaki mtukanaji tu, afande. Nikaandika kule nikijua atasoma, atajua ni mimi, atanijia mbio na matusi ya kwao. Nilingoja wiki mbili. Akaja dukani kwangu analia, ananiomba nimsaidie kumtafuta mbaya wake. Ndipo nikaanza kufuta."

"Utashtakiwa kwa kuficha ushahidi," alisema Inspekta. "Lakini kwanza tunakwenda kwa mama."

Waliwakuta waombolezaji bado wamekaa uani. Inspekta aliwaita na wazee wa msikiti, wasikie kwa masikio yao. Akaeleza yote. Haruna hakujiua. Aliruka kwa kazi yake, jiwe likamsaliti. Wazee wawili walitazamana. Mmoja akasema, "Tumemkosea," akaketi chini.

Mama yake Haruna alinyoosha mkono. "Nionyesheni. Pa kuanguka sipataki, nionyesheni kabla."

Inspekta alipiga magoti mkekani, akashika simu, kidole tayari kuisimamisha. Haruna alionekana juu ghorofani, mikono kiunoni, anacheka. Sauti yake ilitoka kubwa, ikajaa ua mzima.

"Shika simu sawasawa, mla mizizi ya ming'oko wee! Unatetemeka kama umeona maji ya kuoga! Ndiyo maana kwenu hamjatoa hata mcheza ngoma!"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo.

Inspekta alisimamisha picha. Mama aliutazama uso wa mwanawe muda mrefu. Kisha akageuka kwa Yasini.

"Alikutania."

"Ndiyo, mama."

"Kama zamani."

"Ndiyo."

"Ukamjibu nini?"

Pingu zililia kidogo mikononi mwa Yasini.

"Sikumjibu, mama."