Donge Lisilopumzishwa

Kijiko hakuwa na mama karibu, hakuwa na dada wa kumpokea kazi, wala viatu visivyoingiza maji. Zaidi ya vyote, hakuwa na usingizi wa kutosha. Kila alfajiri, kabla ya shule, alimkandia shangazi yake unga wa chapati za kuwauzia mafundi wa gereji ya jirani. Donge likishakandwa, hufunikwa kitambaa kibichi lipumzike ndipo lisukumwe.

Asubuhi moja usingizi ulimzidi nguvu, akasinzia juu ya gunia. Aliposhtuka, kumekucha. Akakanda mbiombio, akasukuma papo hapo.

Alasiri alikuta sinia bado limejaa.

"Fundi mmoja kaniomba na nyundo ya kuzivunjia," shangazi alisema kwa uchovu. "Mwingine eti azibie pancha. Kulikoni?"

"Labda unga, shangazi."

"Ala! Babu Vumbi kanichanganyia pumba? Chukua kalamu. Mwandikie asituletee tena unga wake."

Babu Vumbi alikuwa na mashine ya kusaga. Tangu unga wa pakiti uingie madukani, Kijiko na shangazi yake ndio wateja waliomweka mjini. Kijiko aliandika, "Shikamoo Babu," kisha mkono ukagoma.

"Leo tumefundishwa mikate ya dunia," alisema polepole. "Wengine huoka ya mahindi juu ya kigae, wengine huibandika ukutani mwa tanuri, wengine huacha rojo lichachuke siku kadhaa."

"Sasa hayo na Babu Vumbi wapi na wapi?"

"Wote wanasubiri, shangazi. Mimi sikusubiri. Donge sikulipumzisha. Unga hauna kosa."

Shangazi alimega chapati, akaitafuna kwa shida.

"Na wewe umepumzika lini, mwanangu?"

Kijiko akabubujikwa na machozi.

"Kosa langu nalo lipo, sikukutazama," shangazi alisema. " Kesho lala, nitakanda mimi. Lakini sikiliza: ukichoka, sema umechoka. Usimtwishe uchovu wako mtu ambaye hayupo kujitetea."

Barua ikaandikwa upya: unga uletwe kama kawaida. Chini yake Kijiko akaongeza, "Nilikusingizia, Babu. Unisamehe."

Bahasha haikuwa na gundi. Shangazi akakoroga unga uleule wa Babu Vumbi kwa maji, akaibandika. Ikashika barabara. Kijiko akatoka nayo, akampa msukuma mkokoteni aliyekuwa akielekea mashineni.