Zuberi Anasota

Juu ya kilima, kule ambako ukungu huingia majumbani bila kupiga hodi, palikuwa na nyumba ndogo ya bati jekundu.

Humo aliishi Chausiku. Aliishi na Baba, na Mama, na Bibi, na mdogo wake, Zuberi.

Chausiku alitembea kwa miguu. Mama alitembea kwa miguu. Bibi alitembea kwa miguu na mkongojo: ko, ko, ko.

Zuberi hakutembea. Zuberi alisota.

Alikaa kitako. Akatanguliza mguu mmoja. Akajivuta.

*Suu, suu, suu, Zuberi anasota.*
*Huyo anakwenda, hana haraka.*

Sebuleni alisota. Sakafu ya sebuleni ilipakwa rangi nyekundu. Nyuma ya suruali ya Zuberi pia palikuwa pekundu.

Kwenye korido alibingirika kama boga. Bingiri, bingiri, bum! Hapo amefika ukutani. Akacheka peke yake.

Jikoni alitambaa. Lakini alitambaa kinyumenyume!

Aliutaka mwiko. Akautazama mwiko. Akatambaa, na mwiko ukazidi kuwa mbali.

"Mh?" akasema Zuberi.

Siku moja jirani yao, Mama Sauda, alikuja.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, Mama Sauda, karibu ndani."

Sauda naye akaingia. Alikuwa mdogo kama Zuberi, lakini alitembea. Viatu vyake vililia: pii, pii, pii.

Mama Sauda akamtazama Zuberi pale sakafuni. "He! Huyu bado anasota tu?"

"Bado," akasema Mama.

Kisha Mama akakunja ncha ya khanga yake. Akaikunjua. Akaikunja tena.

Chausiku aliuona uso wa Mama. Moyo wake ukawa mzito.

"Nitamfundisha mimi," akawaza.

Wageni walipoondoka, Chausiku alimshika Zuberi mikono. "Dede, Zuberi! Simama dede!"

Miguu ya Zuberi ikawa laini kama tambi. Puu! Akakaa.

Chausiku akaweka ndizi juu ya kiti. "Ndizi hiyo! Simama uichukue. Dede, dede!"

Zuberi aliitazama ndizi. Akatikisa kiti. Ndizi ikaanguka. Akaila.

*Suu, suu, suu, Zuberi anasota.*
*Huyo anakwenda, hana haraka.*

Chausiku akaenda kwa Bibi. "Bibi, kwa nini Zuberi hataki kutembea?"

Bibi akacheka. "Mume wangu yule ana safari zake. Mwache amalize."

"Safari za wapi, Bibi?"

"Nitajuaje, mjukuu wangu? Ziko huko chini. Magoti yangu hayanipeleki huko."

Ikawa alasiri moja, kimya na baridi kidogo. Bibi alikuwa jikoni, anaota moto. Mama alitoka nje kuanua nguo.

"Chausiku, mwangalie mdogo wako."

"Haya, Mama."

Ukungu ukapanda kilima. Ukapita juu ya mashamba ya kabichi. Ukaingia dirishani, mweupe, polepole, kama maziwa yanayomiminwa.

Chausiku aliupuliza. Fuuu. Ukungu ukaondoka. Ukarudi. Fuuu. Ukaondoka. Ukarudi.

Chausiku akageuka. Zuberi hayupo!

"Zuberi?"

Kimya.

Akakimbia kwenye korido. Hayupo. Akautazama mlango wa nje. Ulikuwa umefungwa. Akachungulia jikoni. Bibi alikuwa peke yake, anasinzia kando ya moto.

Chausiku akarudi sebuleni. Machozi yakaja karibu.

Hapo akasikia sauti ndogo, mbali.

Suu, suu, suu.

"Zuberi, uko wapi?"

Suu, suu... Kisha kimya tena.

Sauti ilitoka chini. Chini kabisa. Basi Chausiku naye akakaa kitako. Akatanguliza mguu mmoja. Akajivuta.

*Suu, suu, suu, Chausiku anasota.*
*Huyo anakwenda, hana haraka.*

Lo! Kule chini nyumba ilikuwa nyingine.

Meza ilikuwa paa. Miguu ya viti ilikuwa miti, na ukungu ulipita katikati yake. Pazia lilimgusa shavu. Lilinukia sabuni.

Kwenye korido alibingirika. Bingiri, bingiri, bum! Ukuta ulikuwa wa baridi, na dari ilizunguka, taratibu, taratibu. Chausiku akacheka. Kumbe ndiyo maana Zuberi hucheka!

Akasota mpaka chumbani kwa Bibi. Kitanda cha Bibi kilikuwa kirefu. Shuka lake lilining'inia mpaka chini.

Nyuma ya shuka, mtu alikuwa anapumua.

Chausiku akaingiza kichwa. Akajigonga, ko! Basi akageuka. Akaingia kwa kutambaa kinyumenyume.

Kule ndani palikuwa na joto. Palikuwa na giza jepesi, giza la kijivu, kama ndani ya mto wa kulalia.

Zuberi alikuwa amelala kifudifudi, kidevu juu ya mikono.

"Daa," akanong'ona. Daa ni dada. Akanyoosha kidole. "Nyaa."

Paka wa Bibi alikuwa pale, juu ya khanga kuukuu. Amezaa! Alikuwa na watoto watatu, wadogo kama viazi. Macho yao yalikuwa bado yamefumba.

Mmoja alitambaa kwa tumbo. Mmoja alibingirika. Mmoja alitaka kwenda mbele, akarudi nyuma.

Hakuna aliyetembea. Na mama yao hakuwaambia neno. Aliwalamba tu, na kukoroma. Rrrrr, rrrrr.

"Ndizo safari zako hizi?" akauliza Chausiku.

"Mh," akasema Zuberi.

Chausiku akajilaza kando yake. Wakawatazama wale paka pamoja. Rrrrr, rrrrr. Ukungu ukapita nje.

"Chausiku!" Ilikuwa sauti ya Mama, na ilikuwa na hofu. "Zuberi! Jamani, watoto wako wapi?"

"Tuko huku, Mama!"

"Huku wapi?"

"Chini, Mama! Kaa kitako, halafu usote!"

Mama akasimama kidogo, nguo mikononi. Kisha akaziweka. Akakaa. Akatanguliza mguu mmoja.

*Suu, suu, suu, Mama anasota.*

Akainua shuka. Akaona macho mawili, na macho mawili mengine, na paka.

"Ooh," akasema Mama, polepole sana.

Akalala sakafuni, mtu mzima, na khanga yake nzuri. Zuberi akampangusa uso kwa kiganja.

"Kumbe mwanangu una shughuli zako," Mama akamwambia. "Na mimi nakuharakisha."

Ko, ko, ko. Bibi akatokea mlangoni. "Nyie! Mnafanya nini uvunguni mwangu?"

"Bibi, paka wako amezaa! Zuberi ndiye aliyemwona!"

"Basi mume wangu amepata mifugo," akasema Bibi, na wote wakacheka, yeye mlangoni na wao chini ya kitanda.

Siku zikapita. Watoto wa paka wakafumbua macho. Kila siku Zuberi alisota kwenda kuwaona. Hakuna aliyemwambia dede.

Asubuhi moja, paka aliwahamisha watoto wake. Aliwabeba kwa shingo, mmojammoja. Akawatia ndani ya kapu la Bibi, juu ya sanduku, pale dirishani penye jua.

*Suu, suu, suu, Zuberi anasota.*

Akainua shuka. Hamna paka.

"Nyaa?" akaita Zuberi.

"Nyau," wakaitika. Lakini sauti ilitoka juu!

Zuberi akatazama juu. Akashika shuka. Akashika kitanda. Akasimama.

Chausiku alikuwa mlangoni. Alitaka kusema dede. Akaziba mdomo wake kwa mikono miwili.

Zuberi akaliona kapu, kule upande wa pili. Masikio madogo yalichungulia.

Akaachia kitanda. Akasahau kukaa.

Ta.

Akayumba kama mgomba kwenye upepo.

Ta. Ta.

Akanyoosha mikono.

Ta, ta, ta. Akalifikia sanduku! Akaingiza pua ndani ya kapu.

"Nyaa," akasema Zuberi, ametosheka.

"Mama," Chausiku akaita kwa kunong'ona. "Mama, njoo. Njoo taratibu."

Mama akaja. Akamwona Zuberi amesimama, jua likimwangaza masikio. Mama akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mama, unalia?"

"Ni ukungu tu, mwanangu."

Lakini asubuhi ile hapakuwa na ukungu. Palikuwa na jua, na jua, na jua.

Jioni Baba akarudi kutoka shambani. Zuberi akasimama. Akamwendea Baba kwa miguu, ta, ta, ta.

"Ala! Ni Zuberi huyu?" Baba akachuchumaa, akafungua mikono.

Basi Zuberi akawa na haraka. Akakaa kitako, akaimalizia njia kwa kusota. Suu, suu, suu!

Baba akambeba mkono huu. Akambeba Chausiku mkono ule. Akawapeleka kulala.

Mama akawafunika blanketi. Bati likalia kidogo, ti, ti, ti, kwa manyunyu.

Zuberi akafumba macho. Lakini miguu yake ilikuwa bado inatembea, chini ya blanketi. Ta... ta...

"Zuberi, lala," akanong'ona Chausiku. "Utatembea kesho."

Akaushika mguu mmoja mdogo, wenye joto.

Ta...

Ukatulia mkononi mwake. Na wote wawili wakalala.