Mgeni wa Nane Mwakirunge

"Wageni ni saba," Karisa alisema. "Vikombe saba, viti saba. Huyo wa nane umemtoa wapi?"

Kioko, dereva wa basi dogo la hoteli moja ya ufukweni, alivua kofia. "Si mimi, ni yule mama wa Kizungu. Anasema kuna mzee mlangoni amemwamkia kwa adabu sana, na hajapewa chai."

Mlangoni hapakuwa na mzee. Palikuwa na kigango tu, ule mti wa kuchongwa wenye kichwa cha duara, ambao Wagiriama humsimamishia mzee wa heshima akishafariki. Karisa ndiye aliyekileta hapo, kupamba banda lake. Mwaka ule wa 1962 kila mtu alikuwa akipanga atakalofanya baada ya Uhuru, na mpango wa Karisa ulikuwa huu: wageni wa hotelini waletwe kijijini kwake Mwakirunge, wanywe madafu, waone ngoma, wale wali mkekani. Akifanikiwa, amwoe mpenzi wake, Kache. Mpango mzuri, simlaumu. Ubaya wake ulikuwa pale mlangoni.

Kache alikuwa jikoni nyuma ya banda tangu asubuhi, hajapita mlangoni. Aliposikia habari za mzee, akaliweka birika chini.

"Kaka Kioko, muulize huyo mama, mzee amesema nini?"

Kioko akauliza. Mama yule, aliyeshuka melini juzi tu, akafikiri kidogo, kisha akatamka kwa Kigiriama kilichonyooka: nasikia baridi, Kache.

Jua lilikuwa la saa sita. Kache akazunguka mbele, akakitazama kigango, akayatambua machongo yake.

"Karisa, huyu ni baba."

Mzee Ruwa, babake Kache, alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita, na Karisa hakuwahi kumwona.

"Nilikikuta kwenye mahame, Kache. Pale haishi mtu. Nilidhani hakina mwenyewe."

"Tulihama, hatukumtupa. Akishasimamishwa hahamishwi, hata sisi twende wapi. Kilikuwa na kitambaa shingoni?"

Karisa akaanza kupanga vikombe.

"Nakuuliza. Kilikuwa nacho?"

"Kilikuwa nacho."

"Kipya au kikuukuu?"

"Kipya. Nilikifungua nikakitupa. Niliona wageni watadhani ni uchafu."

"Wewe ni Mgiriama. Kitambaa kipya unajua maana yake."

"Nilijua kuna mtu anamtunza. Sikujua ni wewe."

"Kwa hivyo angekuwa baba wa mtu mwingine, ingekuwa sawa."

Karisa alimpenda msichana yule kupita kiasi, na aibu ilimla mpaka akashindwa kumtazama usoni.

"Nitamrudisha sasa hivi," alisema.

Kioko akakohoa. "Bwana Karisa, mimi ni wa kutumwa tu. Bwana mkubwa wa hoteli amesema wageni wanaletwa kwa ajili ya huo mti. Mti ukiondoka, basi hili halirudi. Vijiji viko vingi."

Karisa akaliangalia banda aliloliezeka kwa mikono yake miezi minne. Kisha akachukua jembe.

"Waambie wamalize chai yao."

Alikichimbua kigango, akakibeba begani, Kache akifuata. Kila walipopiga hatua kigango kilizidi uzito, na shingoni Karisa akahisi pumzi ya baridi.

"Kache, usiniegemee, nitaanguka."

"Sijakugusa." Sauti ya Kache ilitoka mbali, nyuma kabisa. "Usigeuke. Wewe tembea."

Walikisimamisha kwenye shimo lake lilelile. Kache akasema wazee watakuja na tembo la mnazi kumtuliza baba.

"Na sisi?" Karisa aliuliza.

"Nakupenda. Lakini kuolewa nawe hakuko mikononi mwangu tena. Baba akikujia ndotoni akasema nawe, njoo kwetu. Asipokuja, usije."

Basi halikurudi. Mbuzi wakahamia bandani, Karisa akaenda kuvunja mawe ya kujengea, na kila usiku alilala akiomba aote. Miezi ikapita bila ndoto. Wenzake wakamwambia atafute msichana mwingine, naye akazidi kugonga mawe.

Asubuhi moja alifika mbio kwa kina Kache. Alimkuta na mamake, Nyamvula, wakitwanga mahindi.

"Shikamoo, mama. Kache, amekuja."

Kache akaacha mchi. "Amesema nini?"

"Hakunigombeza. Ameniambia tukimpata mtoto wa kiume tusimwite Ruwa. Anataka jina aliloitwa na mamake alipokuwa mdogo."

"Baba hakuwa na jina jingine."

"Ameniambia Lewa."

Nyamvula aliketi palepale vumbini. Mumewe alimtajia jina hilo mara moja tu, siku ya harusi yao, akamkataza asilitamke mbele ya mtu yeyote, hata watoto wao.

"Mama, ni kweli?" Kache aliuliza.

Mama mtu alijifuta macho kwa upindo wa leso.

"Karisa, mwanangu, kamwite baba yako aje tuzungumze," alisema. "Na asichelewe. Mume wangu hapendi kungoja."